Maswali ya Wasomaji: Nabonyeza linki kwenye brauza, programu ya kwenye kompyuta ifunguke

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko duka la vipuri hapa Morogoro, tuna programu ya stoo niliyoiandika mwenyewe kwa C#, ipo kwenye kompyuta za Windows, halafu oda za wateja zinaingia kwenye ukurasa wetu wa ndani tunaoufungua kwa Chrome. Sasa oda ikiingia dada wa kaunta anasoma namba kwenye brauza, anaenda kuiandika upya kwenye stoo, anakosea, mzigo unatoka sio. Nataka abonyeze namba tu programu ifunguke kwenye oda hiyohiyo. Nimesoma kuna kitu kinaitwa ActiveX, cha kuuwezesha ukurasa kuendesha programu za kwenye kompyuta, nimehangaika nacho hakitaki. Nisaidie kaka.

JIBU: Mdogo wangu ActiveX achana nayo kabisa, ile ilikuwa mambo ya brauza ya Internet Explorer, na brauza hiyo Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 2022, Chrome haiijui. Maelezo uliyosoma ni ya zamani.

Iko hivi, ukurasa hauruhusiwi kuendesha faili la exe moja kwa moja, na ni vizuri hivyo, la sivyo kila tovuti ingekuwa inajifungulia inachotaka kwenye mashine yako. Kinachowezekana ni kusajili jina kwenye Windows, kwamba linki yoyote inayoanza na jina hili ipelekwe kwa programu hii. Ndo maana ukibonyeza linki ya mailto: inafunguka programu ya barua pepe, na Zoom nao wana ya kwao inaanza na zoommtg:. Wewe ya kwako tuiite dukastoo, usichague jina fupi la jumla kama oda maana linaweza kugongana na la mtu mwingine.

Fungua regedit, programu ya Windows ya kuhariri rejista ya mipangilio yake, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes, tengeneza kii (kama folda) mpya inaitwa dukastoo. Default yake andika URL:dukastoo, halafu ongeza String inaitwa URL Protocol uiache tupu hivyohivyo, hii wengi wanairuka wakidhani haina kazi kwa sababu haina kitu ndani, kumbe bila hiyo Windows haitaichukulia kama linki. Ndani ya dukastoo tengeneza shell, ndani yake open, ndani yake command, na Default ya command weka "C:\Duka\Stoo.exe" "%1" na hizo alama za nukuu usizitoe hata moja. Kwenye ukurasa sasa namba ya oda iwe linki ya kawaida ya kwenda dukastoo:1542, basi. Ikikubali mashine ya kwanza eksipoti ile kii iwe faili la reg ukalibonyeze kwenye zile nyingine, usianze kuandika upya. Nimekupeleka HKEY_CURRENT_USER kwa sababu haidai haki za admini, ila ujue inamhusu mtumiaji mmoja tu, kama kaunta wanapokezana kila mtu na akaunti yake ya Windows basi weka HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Classes.

Hapo itafunguka, na hapo ndo vituko vinaanza. Programu inapokea linki nzima, yaani dukastoo:1542 na sio 1542 peke yake, kwa hiyo kata mwanzo, na ukiandika kwa mtindo wa dukastoo://1542 unaweza kukuta mkwaju (/) umeongezwa mwishoni, ndo maana mi napenda nukta mbili tupu. Pili kila akibonyeza inafunguka Stoo mpya, mchana utakuta madirisha kumi. Tumia Mutex, alama ambayo programu moja tu inaishika kwa wakati mmoja, kujua kama nyingine ishafunguka, halafu ile iliyofunguka ipelekewe namba kwa named pipe, njia ya programu mbili kupeana ujumbe, na hii mpya ijifunge. Tatu kama programu inasoma faili la mipangilio bila njia kamili itakwambia faili halipo, kwa sababu imeamshwa na brauza na folda ya kazi inaweza kuwa nyingine kabisa, tumia AppContext.BaseDirectory, inakupa folda ilipo programu yenyewe.

Na hili naomba ulishike. Ukishasajili lile jina, ukurasa wowote duniani unaweza kuandika linki ya dukastoo: na kuweka takataka wanazotaka. Hakikisha kilichokuja ni namba nzima, int.TryParse ya C# inatosha, kisichopita kitupe. Linki ifungue oda ionekane tu, kutoa mzigo au kufuta abonyeze mtu ndani ya programu. Pasiwedi usiipitishe humo.

Chrome itauliza kila mara kama ufungue. Kale kaboksi ka kuruhusu siku zote hakatokei kama ukurasa wenu ni http wa namba za 192.168 (anwani za mtandao wa ndani), ukiweka https katakuja. Au kama mashine mnazisimamia wenyewe kuna sera (mpangilio wa Chrome unaowekwa na msimamizi) inaitwa AutoLaunchProtocolsFromOrigins unaitaja tovuti yako tu. Na kama mashine haina Stoo usitegemee ukurasa ujue, hakuna njia ya uhakika ya kupima hilo, weka tu pembeni linki ya kudaunlodi.

SWALI: Ofisini tuna mfumo wa zamani, zamani ukibonyeza kwenye tovuti unafunguka wenyewe, siku hizi inashuka faili ya jnlp na nikiifungua naona maandishi tu. Mtu wa IT kasema niweke Java mpya, nimeweka bado. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Java mpya ndo imekumaliza. Hiyo kazi ilikuwa ya Java Web Start, sehemu ya Java iliyokuwa inasoma faili la jnlp na kufungua programu, na iliondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018, kwa hiyo ukipandisha toleo unazidi kuwa mbali nayo. Weka OpenWebStart, programu mbadala ya kazi hiyo, ni ya bure, halafu faili za jnlp zifunguliwe nayo. Lakini waambie wakubwa waanze kutafuta mfumo mwingine.

SWALI: Hilo swali la brauza la "fungua programu hii?" linanichosha, kuna namna ya kulizima kote?

JIBU: Usilizime. Mwaka 2019 Zoom kwenye Mac walitaka kulikwepa swali hilo la Safari, wakaweka kaseva kadogo ndani ya mashine za watu, ikaja kugundulika ukurasa wowote unaweza kukuingiza kwenye mkutano kamera ikiwaka, na ukiondoa programu kaseva kanabaki. Apple ikabidi watume apdeti ya kukaondoa. Weka tiki kwenye kale kaboksi ka kuruhusu siku zote kwa tovuti ya kazini kwako unayoifungua kila siku, nyingine acha ziulize, na ukiulizwa wakati hujabonyeza kitu kataa.