Dokta, mdogo wangu hataki kuwekewa mkonga

SWALI: Shikamoo dokta. Mi naandika toka Newala. Mdogo wangu wa kiume ana ualbino, alikuwa na kidonda puani mwaka mzima hakiponi, tukasema ni jua la kwenye mikorosho tu, kumbe kansa. Dar wameitoa, ikaondoka na bawa la pua upande mmoja na ncha kidogo. Sasa wanataka kumtengenezea pua kwa ngozi ya paji la uso, wanasema atakaa wiki tatu na kinyama kinaning'inia toka kwenye nyusi mpaka puani. Kagoma, eti hataki mkonga. Kwani hawawezi kutoa ngozi ya paja? Na tukisubiri korosho ziuzwe kwanza kuna ubaya? Dada mtu, Newala.

JIBU: Marahaba dada. Mwambie huo mkonga ndo unaoilisha pua yake. Ngozi ya paja ikishakatwa haina damu yake, inanyonya toka pale inapobandikwa, sasa kama pua imetoboka mpaka ndani hakuna cha kunyonya, itakufa. Hata ikishika inasinyaa na rangi haiendani na uso. Ya paji haikatwi yote, inabaki imeshikilia karibu na nyusi kwenye mshipa wa damu, wanaigeuza inashuka puani, mshipa unailisha huku chini inaota mishipa mipya, na ikifika kama wiki tatu ndo wanakata daraja, yaani huo mkonga. Wengine wanafanyiwa opareshen nyingine hapo katikati ya kupunguza unene, kwa hiyo zikiwa tatu msishangae.

Ngozi peke yake nayo haitoshi, bawa lisipokuwa na kitu kigumu litalala kila akivuta pumzi, ndo maana huwa wanachukua gegedu la sikioni, na ndani panatakiwa bitana kama koti. Kuna kituko pia: mwanzoni ukimgusa pua mpya atasema umemgusa paji!

Na sio majaribio haya. Jarida moja la London lilichapisha mwaka 1794 habari ya mwendesha gari la ng'ombe wa India aliyekatwa pua, akatengenezewa nyingine kwa ngozi hiyohiyo ya paji.

Kuhusu korosho, kwanza ulizeni majibu ya maabara, kingo za kile walichokata ziko safi? Kama kansa imebaki pembeni inakatwa tena kwanza, ukiziba juu yake umeificha. Zikiwa safi, kuchelewa kidogo hakuui, ila kovu linavuta tundu la pua na kazi inakuwa ngumu zaidi. Mi nisingesubiri, maana namjua mtu wa Newala, msimu ukianza ataingia shamba kuokota na jua lilelile lililomleta hapa. Akishapona ni kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua, hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza ya wenye ualbino. Sigara kama anavuta aache sasa hivi, inabana mishipa na kinyama kinaweza kufa chote.

Hizo wiki tatu asipande basi kurudi huko, tafuteni ndugu Dar akae kwake, kinyama kikiwa cheusi au damu isipokata awahi hospitali siku hiyohiyo. Na miwani asivae kabisa, inakaa palepale daraja linapopita.