Zinajitenga, ila haziendi mbali

Sheikh, umeuliza mbona polima (molekuli ndefu kama mnyororo) mbili zisizopatana, zikiungwa mnyororo mmoja, hazijitengi kama mafuta na maji. Zinajitenga, lakini zimefungwa pamoja kwa kifungo cha kemia, basi huishia kujipanga makundi madogo ya nanomita 10 hadi 100 hivi. Upande mmoja ukiwa mchache utaona vitufe, ukizidi kidogo fito, zikikaribia kulingana matabaka. SBS, ule mpira wa soli za viatu unaochanganywa pia kwenye lami ya barabara, ni wa namna hiyo: polistirini ngumu imetawanyika ndani ya polibutadieni laini. Huo hauna fuwele, yaani sehemu ambazo molekuli zimejipanga kwa utaratibu.

Kwenye fuwele ndipo penye utamu. Chukua polistirini na oksidi ya polietilini. Ukipoza, polistirini hukaza karibu nyuzi 100. Mwenzake huyeyuka kwenye 65 hivi, kwa hiyo anapotaka kuganda anakuta kuta zimeshakauka, na fuwele inabidi ikue humo humo. Weka polibutadieni, ambayo bado ni laini, badala ya polistirini, fuwele zaweza kubomoa mpangilio wote.

Vitufe vya oksidi hiyo ndivyo vikaidi. Kila kimoja ni kidogo mno kuwa na chembe ya uchafu ya kuanzishia fuwele, hivyo oksidi hubaki kimiminika hata chini ya 0. Hapo kwenu Tudor mkipata mashine ya kupima joto la kuganda, angalieni kilele kwenye mchoro wa kupozea, pale oksidi inapoganda: kikiangukia chini ya 0, shuku vitufe kwanza.