Kupima mwanga unaofifia wa mmweko wa gama ukiwa Malindi

Mwenye darubini ndogo hapa Malindi anayetaka kupima mwanga unaobaki baada ya mmweko wa miale ya gama (mlipuko mfupi wa nuru yenye nguvu nyingi sana, utokao mbali angani), namshauri aifikirie saa kabla ya lenzi. Mmweko wenyewe, ambao angahewa huuzuia usitufikie, kwa kawaida huisha kwa sekunde au dakika chache. Kinachofuata ni mwanga wa gesi iliyogongwa na mkondo uliorushwa kwa kasi inayoikaribia ile ya nuru, mara nyingi kutoka katika nyota kubwa inayokufa, na mwanga huo hufifia haraka: ulioupima dakika ya 10 huenda ukabaki sehemu moja ya kumi hivi ifikapo dakika ya 100, yaani umeshuka magnitudo 2.5 (magnitudo ni kipimo cha mng'ao wa nyota).

Ndiyo maana mimi hupimia juu ya paa la nyumba, taa za hoteli zikiwaka kando ya pwani. Giza la upande wa Langobaya ni zuri zaidi, lakini saa moja ya barabarani huchukua sehemu bora ya mwanga. Piga picha za mwanzo mfululizo, za sekunde 30 au 60, kisha urefushe muda kila hatua na kuzipandanisha picha za mwishoni ziwe picha moja. Linganisha kila picha na nyota zilizomo humo humo, kwani ukungu wa bahari huzifunika zote kwa kiasi kimoja. Msimu wa kaskazi hutusaidia. Masika, afadhali ufunike darubini.

Picha moja, hata iwe safi namna gani, haithibitishi kitu. Tarehe 28 Februari 1997, setilaiti ya Kiitaliano BeppoSAX, ambayo data yake ilishushwa katika kituo cha hapa kwetu Malindi, iligundua mmweko. Darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma, ikapiga picha usiku ule, ikarudia Machi 8, na nukta iliyokuwa imefifia kati ya picha hizo mbili ndiyo iliyotambulika kuwa mwanga uliobaki wa mmweko huo. (Wengi wetu hupita Ngomeni bila kujua kwamba data za Swift, setilaiti ya NASA ya kutafuta mimweko hii iliyorushwa mwaka 2004, nazo hushushiwa katika kituo hicho.) Nawe basi, rudia eneo lile lile usiku wa pili.

Kama mmweko umetokea karibu na ukanda wa galaksi yetu, tumia kichujio chekundu, kwa sababu vumbi hula mwanga wa buluu, kama ilivyokuwa kwa ule mkali mno wa tarehe 9 Oktoba 2022. Taarifa za mahali mmweko ulipotokea hutolewa na mtandao wa GCN wa NASA, nazo zinaweza kufika kwenye simu.

Mingi ya mianga hii itakuwa hafifu kuliko uwezo wa kioo cha sentimita 20. Usipoona kitu, andika saa kamili ya katikati ya picha, muda wake, kichujio, na magnitudo ya nyota hafifu kabisa uliyoipata pale. Kikomo hicho nacho ni kipimo, na wanaochora mkunjo wa ufifiaji, yaani mstari unaoonyesha mwanga ulivyopungua kadiri muda ulivyopita, hukitumia.