Popo wa makaburini wamenimalizia maembe

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Shamba. Mimi ni mkulima wa Wete, Pemba. Nyuma ya konde langu kuna makaburi ya wazee wetu, yana mivule na misufi mikubwa iliyojaa popo. Tangu utoto tunaambiwa pale ni mzimuni: hakukatwi mti, hakupigwi manati. Mwaka huu popo wamenimalizia boribo zote. Mwanangu anasema mwiko ule ni ushirikina mtupu, tukate misufi wahame. Mjomba kasikia, kanuna, hasemi nasi. Tufanyeje?

JAWABU: Waaleikum salaam, mwanangu. Msikate. Na kabla ya jengine lolote, nenda kwa mjomba ukamwombe radhi.

Popo huyo ni wa Pemba peke yake, duniani kote hapatikani kwengine. Miaka ya nyuma aliwindwa kwa bunduki na misitu ikafyekwa, mpaka ikahofiwa kuwa atatoweka. Waliosalia, wengi walikuwa huko huko tulikokatazwa, makaburini na mizimuni. Hakukuwa na askari wala kibao. Palikuwa na bibi tu, anakwambia usiende.

Mimi sikusikia. Nilikuwa mdogo, nikamwangusha mmoja kwa manati kwenye makaburi ya kwetu. Alianguka chali, manyoya rangi ya udongo mwekundu, uso kama wa mbwa mdogo, bawa kalikunja kifuani. Bibi akalifunua bawa lile kwa kidole: ndani mna mtoto, kang'ang'ania chuchu. Hakunipiga. Alinikalisha pale pale mpaka yule mtoto akafa, jua likichwa. Jike huzaa mmoja tu kwa mwaka. Mpaka leo sijarusha jiwe jengine.

Mwanao ana haki ya kuuliza habari ya shirki, simlaumu. Lakini kuuomba mzimu ni jambo moja, na kuuacha mti usimame juu ya kaburi la babu yako ni jambo jengine kabisa. Msomeeni Al-An'aam, aya ya 38: wanyama na ndege ni umma kama sisi. Wavuvi wetu nao wana hadithi ya Nabii Khidhri, aliyeomba msala wa kusalia, ukakosekana, akakifanya kisiwa kizima msala wake. Ndiyo Misali hiyo, iliyowekwa hifadhi mwaka 1998. Wazee walikuwa wakikiheshimu kabla ya hapo. Heshima ya namna hiyo haina ushirikina, na akiielewa hivyo ataishika yeye mwenyewe bila ya kutishwa na vizuka.

Sasa maembe. Hasara yako naijua. Pita chini ya mwembe alfajiri, utaokota vidonge vya nyuzi vilivyobanwa: popo hutafuna, akafyonza maji, makapi akayatema. Anachotaka ni lililowiva. Kwa hivyo boribo lichume likishakomaa lakini bado gumu, ukalivumbike ndani. Ya matawi ya chini yavishe pakacha, kama tunavyofanya kwa fenesi. Nyavu usitundike, hunasa na kumkata mbawa. Ya kileleni usiyoyafikia, muachie.

Na mvule ulioota wenyewe pembeni mwa konde, ushajiuliza nani kauleta? Popo hula matunda yake, mbegu akaziangusha mbali. Msufi nao huchanua usiku, na yeye ndiye anayepita ua kwa ua na chavua usoni. Mkikata misufi, popo watahamia mti mwengine wa karibu, na maembe yataliwa vile vile.

Siku ukipata nafasi mchukue mwanao Kidike, karibu na Ole. Wanakijiji wa huko waliamua kuwalinda popo wao, na sasa wageni hulipa kiingilio kuja kuwaona. Nendeni alasiri, msubiri mpaka waanze kuruka.

Kisha niandikie, mjomba kasemaje.