Kabla ya Kukata Tamaa, Uliza Saratani ya Figo Imefika Wapi

Mtu akiambiwa saratani ya figo imefika hatua ya nne, yaani imesambaa hadi sehemu nyingine za mwili, nyumba nzima huanza kunong'ona kana kwamba matanga yameshaanza. Nimemuuguza shemeji yangu hapa Nakuru, na ninachowaambia wenzangu ni hiki: kabla hamjauza shamba, muulizeni daktari imesambaa hadi wapi. Hatua hiyo moja ina wagonjwa wa kila namna.

Saratani hii hukimbilia mapafu kuliko kwingine, kisha mifupa, tezi za limfu, ini na hata ubongo. Mwenye vivimbe vichache vya mapafu tu kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko aliyeshikwa ini, mifupa au ubongo. Kinachoshangaza ni kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Saratani inayoanzia hapo ni kali mno, ila ile iliyotoka figoni ikahamia hapo mara nyingi huenda polepole, na wapo wanaoishi nayo miaka. Jirani akianza kuwatisha na habari za kongosho, mwacheni na chai yake.

Ya shemeji ilikuwa mfupani. Yeye hupakia magunia ya viazi, kwa hiyo kila mtu alisema mgongo ni wa magunia. Figo ilitolewa zamani, nani angeikumbuka? Saratani hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Aliyewahi kutolewa figo kwa ajili yake, akiumwa mgongo hata akiwa amelala, aanze na habari ya ile figo kabla hajaandikiwa dawa ya kuchua. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma, nendeni hospitali siku hiyo hiyo; uti wa mgongo ukibanwa sana, nguvu za miguu huenda zisirudi. Kiu isiyokatika, kufunga choo na kuchanganyikiwa? Ombeni kalsiamu ya damu, yale madini ya mifupa, ipimwe; huenda imepanda.

Mahali peke yake hapamalizi hesabu. Daktari huangalia pia upungufu wa damu, kalsiamu, kama mgonjwa anajimudu, na kama mwaka ulipita tangu ugonjwa kugunduliwa hadi kuhitaji dawa. Kivimbe kikiwa kimoja, ulizeni kama kinaweza kukatwa au kupigwa mionzi.

Mkipewa rufaa ya Eldoret au Nairobi, msibebe ripoti peke yake. Ombeni na diski ya picha zenyewe, maana daktari mpya atataka kuziona kwa macho yake.