Ripoti ya kompyuta ikisema ubongo umepungua, uliza kwanza picha zilipigwa kwa mashine gani

Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama muiamini ripoti ya akili mnemba inayosema ubongo wa mdogo wako mwenye MS (ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) umepungua asilimia 1.2 ndani ya mwaka, ilhali anatembea vizuri na hajapata shambulio jipya. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za MRI hapa Uingereza, na wagonjwa wa MS ni wengi kwetu.

Kutafuta madoa mapya, yaani alama za majeraha ya MS kwenye ubongo, hizi programu ni hodari. Zinalinganisha FLAIR (aina ya picha ya MRI inayoonyesha madoa vizuri) ya mwaka jana na ya sasa, na doa la milimita 3 lililojibanza kati ya makumi ya madoa ya zamani huliona hata pale jicho lililochoka jioni lingelipita. Nimeshuhudia mgonjwa akibadilishiwa dawa kwa doa la namna hiyo, baada ya daktari wa radiolojia kurudi kwenye picha na kulithibitisha.

Kupungua kwa ubongo ni habari nyingine. Mtu mzima mwenye afya hupoteza kama asilimia 0.1 hadi 0.3 kwa mwaka, na mwenye MS asiyetibiwa nusu asilimia au zaidi. Pengo hilo ni dogo mno! Asipokunywa maji ya kutosha, akitikisa kichwa, au akiwa ametoka kupewa steroidi, namba inayumba. Hata dawa nzuri ya MS ikianza kazi hutuliza uvimbe, ubongo ukaonekana umenywea. Na zaidi ya yote, mashine: picha moja ikiwa ya Tesla 1.5 na nyingine ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku ya mashine), au moja imekatwa vipande vya milimita 5 na nyingine milimita 1, programu bado itatoa namba, tena yenye desimali. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2021 haupendekezi kipimo hiki kwa maamuzi ya kila siku ya mgonjwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo asiache dawa wala asikubali kubadilishiwa kwa namba hiyo pekee. Amuulize daktari wake wa mishipa ya fahamu: kuna doa jipya? Picha zote mbili zilipigwa kwa mashine ileile? Kisha aombe CD yenye faili zenyewe za DICOM, yaani picha halisi kama zilivyotoka kwenye mashine, maana karatasi ya ripoti haitamsaidia akihamia hospitali nyingine. Mkishajua aina ya mashine zote mbili, andika hapa nikuambie kama zinalinganishika.