Shangazi, nimeacha uhasibu niwe fundi bomba, mbona sioni hela?

Barua ya leo imetoka Tabata, Dar es Salaam. Mwandishi ana miaka 39, alikuwa mhasibu mpaka kampuni ilipopunguza wafanyakazi. Akasoma kozi fupi ya ufundi bomba VETA, akamfuata fundi mzoefu saiti kadhaa, sasa anajitegemea. Simu haziishi, lakini hela haionekani: majirani na ndugu humlipa "asante". Fundi aliyemlea anamwambia fundi huishi kwa cha juu. Mkewe anataka atafute tena kazi ya ofisini. "Shangazi, nirudi?"

Mwanangu, usirudi kwanza. Mtu asiye na wateja hapigiwi simu. Wewe unakwama pale mteja anapouliza, "Fundi, shilingi ngapi?" ukaanza kumung'unya maneno. Miaka yote uliandika ankara za kampuni bila haya, leo ya kwako inakukaba koo.

Hicho cha juu nakijua. Koki ya elfu 18 unamtajia mteja elfu 25. Ukishazoea, unashusha bei ya ufundi ili upate kazi, halafu unatafuta vifaa hafifu ili ufidie. Koki ikianza kuvuja, anayepigiwa simu usiku ni wewe, mwenye duka kalala zake. Na siku hizi mteja anapiga picha koki, anamtumia shemeji yake Kariakoo, bei ya kweli inarudi kabla hujamaliza kuzungusha thread tepu.

Nenda ukague kwanza. Andika vifaa na saizi zake, mteja akanunue mwenyewe au mwende wote, na risiti ya EFD ibaki kwake. Chini kabisa andika "Ufundi" na bei yako, kisha nyamaza. Usijazie "lakini tunaweza kuongea, bosi". Humo ndani mna nauli ya bodaboda, blade za msumeno, uchakavu wa mashine ya kuchomea, na zile siku unazoshinda nyumbani bila kazi.

Bei hiyo uifanyie kazi lakini. Chukua bomba la plastiki la PPR la nusu inchi: mashine ya kuchomea nyuzi 260, sekunde 5, unaliingiza kwenye kiungo moja kwa moja bila kuzungusha. Fundi mwenye papara anachoma kupita kiasi, plastiki inajikunja ndani na kuziba njia, bafu linatoa maji ya kudondoka. Vigae vimeshabandikwa, nani atabomoa? Basi kabla ukuta haujazibwa, pima kwa pampu ya presha na mwenye nyumba akiwa amesimama hapo hapo, aone mshale haushuki. Akishaona hivyo, hatakubishia sana bei yako.

Ndugu wa damu mpunguzie ufundi ukipenda, ila vifaa usimnunulie hata siku moja. Jirani alipe kama wengine. Atanuna wiki moja, bomba likipasuka atakuita. Atakayekuomba umuunganishie maji kabla ya mita ya DAWASA, mkatalie hata akitaja hela nono. Huo ni wizi, na atakayetajwa ukigundulika ni fundi.

Sasa mkeo. Mimi simlaumu, alizoea tarehe ya mshahara. Wewe mhasibu mzima unashindwaje kumwekea hesabu mezani? Chukua lipa namba ya kazi peke yake, hela ya kazi isichanganyike na ya ugali. Kila Jumapili mfungulie daftari: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Jipangie mshahara, hata mdogo, umkabidhi tarehe ile ile ya zamani. Na kwa kuwa NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, pitia ofisi yao wiki hii ukaulize namna ya kuendeleza uanachama wako. Nenda naye, asikie kwa masikio yake.